Frigo Iliyosafiri Imelala

Sakina mama,

Umetoka kwenda kuaga kwa shangazi zako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana kila nyumba itakukalisha na kukulisha. Nimevuta kigoda barazani, nimeacha matairi ya watu yangoje. Vidole vyangu vimezoea gundi na msasa, kalamu inaniteleza, kwa hiyo usicheke mwandiko. Ningeweza kusema haya kwa mdomo, lakini wewe unanijua: nikianza kusema jambo zito, nainuka kwenda kutazama mvua kama inakuja.

Habari za sabuni, za kufunga mlango, za wanaume wa mjini, za kumheshimu mke wa mjomba wako utakayekaa kwake, shangazi yako amekwisha kukuambia, na nadhani leo atakuambia tena. Mimi sina la kuongeza. Umepika katika nyumba hii tangu kichwa chako hakijafika kwenye meza. Mtu wa namna hiyo hafundishwi kuishi.

Nataka kujibu neno lako la juzi, pale uani. Ulisimama mbele ya watu, bakuli la sombe bado mkononi, ukasema: "Mimi naenda Lubumbashi kujifunza froid, kazi ya kutengeneza frigo. Nikimaliza narudia. Nitaenda Wamaza, nitatengeneza ile frigo ya santé." Watu wakapiga makofi. Bibi jirani akapiga vigelegele. Mimi nikatazama chini, na walipoondoka ukanijia na macho mekundu: "Baba, hata kusema 'Mungu akusaidie', haiko?" Nikakuambia mbuzi amefunguka, nikatoka. Mbuzi alikuwa amefungwa vizuri tu.

Basi hili ndilo jibu langu. Ni refu, na nusu yake unaijua.

Siku ile frigo ilipofika kwetu Wamaza ulikuwa mdogo, lakini unakumbuka ngoma. Mimi nakumbuka njia. Wakati huo nilikuwa mwendeshaji wa pikipiki, na bila kujisifu, kati ya Kasongo na Kabambare hakukuwa na mtu aliyejua matope kama mimi. Nilipakia wagonjwa, nilipakia mabati, siku moja nilipakia maiti akiwa ameketi nyuma yangu kama abiria. Kwa hiyo lori lilipoishusha ile frigo hapa Kasongo, likakataa kuendelea kwa sababu ya madaraja, muganga Kalonda wa santé, zahanati yetu ya Wamaza, alimtuma mtu kuniita mimi. Ilikuwa frigo ya dawa, ya kutumia jua, na pano zake, yale mabamba ya kunasa jua, zilikuwa zimetangulia kwa baiskeli. Nilijiona mkubwa siku ile. Nilivaa shati la Idi.

Ilikuwa ndani ya katoni, na ubavuni mwa katoni ilichorwa mishale miwili myeusi. Hakuna aliyetueleza maana yake. Sisi watu wa pikipiki, mshale tunaujua ni kitu kimoja tu: njia iko huku. Nikawaambia vijana walionisaidia, "Hawa Wazungu wanatuambia kichwa kitangulie." Tukailaza kwenye keria, mishale ikitazama mbele, tukaifunga kwa mipira ya ndani ya tairi hata tembo asingeifungua. Nikasafiri nayo hivyo, imelala chali, kichwa kinaniegemea mgongoni. Penye matope tuliibeba mabegani ikiwa imelala vile vile, na penye mto tuliivusha juu ya vichwa. Nilikuwa mwangalifu kuliko nilivyowahi kuwa na mtu yeyote. Nilipolala njiani nililala kando yake, nikaifunika na koti langu, mimi nikabaki na baridi.

Mishale ile ilikuwa inasema: upande huu uwe juu. Siku hizi naijua. Naiona kwenye katoni za sabuni sokoni, na kila nikiiona nageuza uso.

Lakini hata ningeijua maana yake, sidhani kama ningeweza kuisimamisha frigo juu ya pikipiki kwenye njia ile. Ingeanguka, ningeanguka nayo. Jambo nililoweza kulifanya ni moja, nalo lilikuwa jepesi kuliko yote, na lilipendekezwa mbele yangu. Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Kalonda alitaka kungoja. Hakujua habari ya mitambo kuliko mimi, yeye alikuwa na hofu ya chifu tu. Akasema, "Asumani, tungoje kesho. Chefu haiko, atasema tumemuzarau." Nami, na matope yamenikauka mpaka kwenye nyusi, nikapaza sauti watu wote wasikie: "Nimekokota hii kitu mu pori yote, sasa tungoje nini? Wewe muganga, unaogopa baridi?"

Watu wakacheka. Kalonda akacheka pia, lakini kwa aibu. Tukaitoa kwenye katoni, tukaisimamisha, tukaunga nyaya za pano saa ile ile. Ikaunguruma. Akina mama wakapiga vigelegele. Watoto wakapanga mstari wa kutia mkono ndani, na wewe ulikuwa kati yao, ukarudi ukipiga kelele, "Iko baridi! Iko baridi, mama!" Mama yako alikuwa amesimama nyuma kabisa, amekunja mikono. Nilimwita aje aonje maji. Akaonja, akayazungusha mdomoni, akasema, "Mayi ya frigo haina utamu. Ya mutungi ndiyo mayi." Watu wakamcheka yeye sasa. Ndivyo alivyokuwa, hakuweza kusifu kitu kwa sababu tu watu wanasifu. Mimi nilikasirika siku ile. Leo ningetoa chochote nisikie ananipinga tena.

Frigo ikafanya kazi muda mfupi. Halafu ikaanza kukohoa, sauti kama mtu anayesaga mawe, halafu ikanyamaza. Kalonda akaandikia Kasongo, Kasongo wakaandikia Kindu, na Kindu sijui waliandikia nani, maana fundi aliyeahidiwa hakuja. Wavulana wakanipa jina la Papa Frigo. Niliona ni utani, nikalipokea, hata nikaliandika nyuma ya pikipiki yangu kwa rangi nyekundu. Sikujua naandika nini.

Dawa za santé zikarudi kwenye mtungi. Unaukumbuka ule mtungi wa mama yako? Ndio huo, yeye ndiye aliyempa Kalonda. Mtungi ndani ya mtungi, kati yake mchanga, mchanga unamwagiwa maji, juu kitambaa kibichi, mahali penye upepo. Kwa maji ya kunywa ni kitu kizuri sana. Kwa dawa zile hautoshi, lakini alitoa alichokuwa nacho.

Siku ya mwisho ya mama yako, siku ya uchungu wake pale santé, sitaiandika yote. Ulikuwa nje ya dirisha, ulisikia. Mtoto alitoka, hakulia. Damu haikusimama. Kalonda akatoka, mikono yake mbele yake kama si yake, akaniambia, "Nimetia sindano, nimetia na ya pili. Damu inakatala." Nikamuuliza kama hana nyingine. Akasema, "Niko nazo. Lakini hii dawa inapenda baridi, Baba Sakina. Yetu ilishakuwa mayi." Alikuwa analia, mtu mzima yule. Hakunitazama kwa lawama. Kwake frigo ilikuwa imekufa kama zinavyokufa mashini zote zinazoletwa Kabambare: zinafika, zinashangiliwa, zinakufa. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Nilimzika mama yako na mtoto nikiwa na huzuni tupu, bila kitu kingine ndani yake. Sikujua wakati ule kwamba huzuni tupu ni nafuu.

Tukahamia hapa Kasongo. Pikipiki niliiacha, nikaanza kuziba matairi ya wenzangu. Wewe ukakua, ukaanza kushinda kwa fundi Amuri, yule wa nyuma ya soko anayetengeneza frigo za wenye baa. Watu walisema msichana kwenye mafuta na gazi ni jambo gani hilo. Mimi sikukuzuia, nilifurahi kuwa una mahali unapopapenda. Jioni ulikuja na habari. Siku moja ulinishika mkono, ukaniburuta mpaka kwa Amuri, ukakiweka kiganja changu nyuma ya frigo, kwenye zile fito nyeusi. Nikakitoa haraka. "Moto!" nikasema. Ukacheka. "Baba, frigo haitengenezake baridi. Baridi haiko kitu. Frigo inatoa joto ndani tu, inalitupa huku nyuma."

Nilikuwa mzee tayari, na nilikuwa nimeishi na wazo kwamba baridi inapikwa mle ndani kama ugali. Ukanieleza taratibu, kwa kijiti mavumbini: gazi inazunguka ndani ya vibomba vya shaba, haitoki. Kompresa inaikamua mpaka inapata moto, moto ule unatupwa nyuma, gazi inapoa inakuwa maji. Halafu inapitishwa kwenye kibomba chembamba sana, na ikitokea upande wa pili inapata nafasi, inachemka bila jiko. Ili ichemke lazima ichukue joto mahali, basi inalichukua kwenye samaki, kwenye maji, kwenye dawa. Nikakuambia, "Hiyo ni mutungi ya mama yako." Ukaniangalia, ukafikiri, ukasema ndiyo, maji yanayokauka kwenye mchanga yanaondoka na joto, ni kitu kile kile. Tulirudi nyumbani tukitembea polepole. Katika miaka yetu ya hapa, sidhani kama tulikuwa na jioni nzuri kuliko ile.

Na ilikuwa kwenye chakula, siku chache baadaye. Ulikuwa unasema tu, mdomo umejaa, kama kawaida yako: "Leo fundi amegombana na mutu. Ameleta kongelateri, frigo ya barafu, ku pikipiki, yenye kulala, akataka kuitia kuranti, kuiwasha, pale pale. Fundi akakatala. Anasema frigo ikisafiri yenye kulala lazima isimame kwanza, mpaka kesho yake, mbele ya kuiwasha. Mafuta inatokaka mu kompresa, inaenda mu bomba. Ukiwasha, kompresa inazunguka bila mafuta, inajila yenyewe."

Niliacha kutafuna. Wewe pia uliacha. Taa ilikuwa kati yetu.

"Baba," ukasema. "Ile ya Wamaza. Uliileta yenye kulala?"

"Yenye kulala."

Ukaondoa sahani, ukaenda kuziosha, ukakaa huko nje muda mrefu kuliko sahani mbili zinavyohitaji. Hatukulisema tena. Lakini tangu siku hiyo uliacha kuniita Papa Frigo, na wewe ndiye uliyependa kuniita hivyo kunichokoza. Na tangu siku hiyo ukaanza kuzungumza habari ya Lubumbashi.

Kwa hiyo usidhani sijui unakwenda kufanya nini. Wengine uani walimwona msichana anayeipenda kazi. Mimi niliona mtoto anayekwenda kujifunza kazi miaka mingi ili arudi kuchukua kitu mgongoni mwa baba yake. Ndiyo sababu sikuweza kusema "Mungu akusaidie". Asikusaidie katika hilo.

Unataka kujua kama nadhani niliua? Nimejiuliza kila namna. Huenda kompresa ingekufa hata kama tungengoja. Njia ile inavunja hata mifupa. Huenda frigo ingekuwa nzima na watu wa dawa wasilete dawa. Huenda dawa ingekuwa baridi na damu isingesimama. Shangazi yako anasema ni kazi ya Mungu, na imamu anasema hivyo, nami naitikia amina. Halafu narudi nyumbani na sijui. Sitajua. Nilidhani kwa miaka kitu kama hicho kinapungua. Hakipungui, unazoea uzito wake tu, kama mtu anayezoea kutembea na mguu mbovu. Na wale wanaoniambia haraka haraka haina baraka, nawachukia kidogo, Mungu anisamehe. Wengi wao hawajawahi kubeba kitu kizito wakafika nacho. Mtu aliyefika ndiye mwenye haraka, kwa sababu anadhani kazi imekwisha. Mimi ningepita matope yale mara mia. Kukaa kando ya kitu kilichonyamaza, watu wananitazama, ndiko kulikonishinda.

Sasa sikia la Wamaza, maana hili hulijui. Nilipokwenda kwenye matanga ya binamu yangu msimu uliopita, niliingia pale santé. Kalonda amehamishwa. Aliyepo ni kijana, anafanya awezalo. Frigo ipo, mama, lakini si frigo tena. Kompresa imekatwa, imekwenda na wanunuzi wa vyuma. Vibomba vya shaba vimekuwa bangili. Niliona mwanamke amevaa moja mlangoni, ya rangi nzuri. Pano ziliondoka siku watu wenye bunduki walipopita na kijiji kikalala porini. Limebaki sanduku. Mlango umetolewa, limelazwa chini, na ndani yake kuna kuku anaatamia mayai. Yule kijana akaniambia, "Baba, humu anaanguaga vizuri sana. Joto haitoke." Nikasema ni kweli, sanduku lilitengenezwa lizuie joto kupita. Halijali joto liko upande gani.

Nilikaa pale nikimtazama yule kuku mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Hakuna cha kutengeneza Wamaza. Na hata ukienda na frigo mpya, ikiwa imesimama wima njia nzima kama malkia, utaitia nini? Dawa hazifiki. Kuranti haiko, wala haitakuja wakati wangu, na kama nitasema ukweli, sioni kama itakuja wakati wako. Ulinieleza siku moja kwamba hata klima za maofisi zinafanya vile vile, zinatoa joto kwenye chumba cha mkubwa na kulitupa njiani, kwa wanaopita. Nililifikiria hilo sana. Nadhani sisi wa Kabambare tumewekwa nyuma ya frigo. Kuna mahali watu wanakaa kwenye ubaridi, joto lao linatupwa huku. Wewe utakwenda kupanda juu ya mapaa ya Lubumbashi kutengeneza ubaridi wa watu ambao hawajawahi kusikia jina la Wamaza. Inaniuma. Lakini nenda. Afadhali mmoja wetu akae upande wa mbele.

Ahadi yako ya uani nakurudishia. Mbele ya watu uliitoa, mimi peke yangu nakufungua. Usirudi kwa ajili ya ile frigo, usirudi kwa ajili ya mgongo wangu. Njia hiyo ina bunduki na madaraja yaliyooza, na mwisho wake kuna kuku. Jifunze kazi kwa sababu unaipenda. Niliuona uso wako siku ile uliponiweka mkono nyuma ya frigo ya Amuri, ndio uso ninaotaka ubaki nao. Ukipata mume huko, ukipata nyumba yenye kuranti, weka maji yako kwenye frigo, unywe, na kama hayana utamu, sema hayana utamu, kama mama yako.

Jambo moja nitakuomba. Ukiwa huko, ukamwona mtu anafunga frigo kwenye pikipiki au kwenye mkokoteni, hata kama humjui, hata kama una haraka, msimamishe. Usimcheke. Mwonyeshe mishale. Kama hawezi kuisimamisha, mwambie akifika asiiwashe, aketi nayo mpaka kesho, hata kama watu wanapiga ngoma. Atakuona una kiburi. Mvumilie.

Kesho alfajiri Saidi atakuja na pikipiki kukupeleka mpaka mtoni, mvuke Lualaba, ukangoje treni pale Samba, hiyo treni isiyojua siku wala saa. Sanduku lako nitalifunga mimi mwenyewe. Nitalifunga likiwa limesimama. Saidi atalalamika kwamba litayumba, atasema, "Papa, tuilaze, hii ni nguo tu." Najua ni nguo tu. Nguo hazina mafuta ya kumwagika. Niache nilisimamishe, mama, na wewe usiseme kitu.

Baba yako,
Asumani
Kasongo